Hatia ya Damu bila Kinga ya Damu: Mtoto na Mzazi katika Mapinduzi ya Utamaduni ya China

Wanaoandika juu ya Mapinduzi ya Utamaduni ya China (1966–1976) wamezoea kusema kwamba mapinduzi hayo yaliivunja familia. Ushahidi wao si mdogo: watoto waliopanda jukwaani kuwashutumu wazazi, wake waliodai talaka kwa kuwa waume zao wamebandikwa jina la adui, vitabu vya nasaba na vibao vya mababu vilivyotiwa moto. Makala haya yanaupokea ushahidi huo ila yanalikataa hitimisho lake. Dola iliyotangaza kuuzika ukoo ndiyo iliyoifanya nasaba kuwa kipimo kikuu cha raia. Mtoto alirithishwa hatia ya baba yake, na papo hapo akanyimwa haki ya kumsitiri baba huyo. Utoto wa miaka ile hauwezi kueleweka mpaka mambo hayo mawili yatazamwe pamoja.

Tuanze na karatasi. Sheria ya Mageuzi ya Ardhi ilipitishwa Juni 1950, na kampeni ilipoenea vijijini kila kaya ilipewa daraja: kabaila, mkulima tajiri, mkulima wa kati, mkulima maskini, kibarua. Kilichokusudiwa kupima mali ya wakati ule kikageuka jina la kudumu. Ardhi ya kabaila iligawiwa, nyumba yake ikagawiwa, ng'ombe na vyombo vyake vikagawiwa. Daraja lake likabaki, likawashukia watoto kwa upande wa baba. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1955, asiyewahi kumiliki hata jembe, alijulikana shuleni kuwa mtu wa asili ya kikabaila. Fomu za shule, za kazi na za jeshi zilimtaka aitaje asili hiyo kila alipozijaza. Usajili wa makazi, yaani hukou, ulioamua nani apate mgao wa nafaka wa mjini na nani abaki shamba, ulipita njia nyingine: mtoto aliupata kwa mama, na ikawa hivyo hadi mwaka 1998. Basi mtoto wa China alirithi chakula kwa mama na hatia kwa baba. Ni vigumu kumwona mtunga sheria aliyeipuuza familia katika mpango wa namna hiyo.

Hadi mwaka 1966 uzito wa asili ulitofautiana na mahali na majira. Mjini, kijana mwenye akili ambaye baba yake alikuwa mwalimu au mfanyabiashara mdogo aliweza bado kupata nafasi ya chuo, ingawa mlango ulikuwa ukizidi kubana. Kiangazi cha mwaka ule ndicho kilichoyabadilisha mambo. Walinzi Wekundu wa kwanza, yaani makundi ya wanafunzi wa mapinduzi, walijikusanya mwishoni mwa Mei katika shule ya sekondari iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Tsinghua, Beijing, na wengi wa viongozi wao walikuwa watoto wa makada na wa maofisa wa jeshi. Kauli yao maarufu ilisema kwamba baba akiwa shujaa mwana ni mwema, na baba akiwa mpinga mapinduzi mwana ni mwovu. Sisi tuliokulia katika Kiswahili hatuhitaji maelezo marefu: mtoto wa nyoka ni nyoka. Tofauti ni kwamba methali yetu hutamkwa barazani na mtu akaondoka zake, ilhali kauli ile ilibandikwa milangoni mwa shule, na aliyetaka kupita aliulizwa asili yake kwanza.

Matokeo yake yaliandikwa kwa damu. Tarehe 5 Agosti 1966 Bian Zhongyun, makamu wa mkuu wa shule mashuhuri ya wasichana mjini Beijing, alipigwa na wanafunzi wake hadi akafa. Kwa hesabu iliyotolewa baadaye na serikali, watu 1,772 waliuawa mjini humo katika miezi ya Agosti na Septemba. Wakazi wapatao 85,000 walifukuzwa na kurudishwa vijiji vya asili yao, yaani vijiji vya mababu, kana kwamba kaburi la babu ndilo lililokuwa anwani ya kweli ya mtu. Katika wilaya ya Daxing, nje kidogo ya mji, watu 325 wa familia zilizohesabiwa za kikabaila na za maadui wengine waliuawa katika siku chache za mwisho wa Agosti. Mkubwa wao alikuwa na umri wa miaka 80, mdogo alikuwa na siku 38, na kaya 22 zilifutika kabisa. Mtoto wa siku 38 hana itikadi. Aliuawa kwa kosa la nasaba, na kila maelezo ya Mapinduzi ya Utamaduni yanayozungumzia mawazo na mapambano ya siasa peke yake hayana budi kutuambia yanamweka wapi mtoto huyo.

Najua kwamba wako wanaopinga mkazo huu. Mwanasosiolojia Andrew Walder ameonyesha kuwa makundi hasimu ya Walinzi Wekundu wa Beijing hayakugawanyika kwa asili ya tabaka kama ilivyodhaniwa zamani. Isitoshe, kauli ya baba shujaa na mwana mwema ilishutumiwa na viongozi wa juu kabla mwaka 1966 haujaisha. Hoja zote mbili ni za kweli. Lakini Walder anaeleza jinsi makundi yalivyoundwa, na mimi nauliza mtoto alibeba nini alipotoka nyumbani kwao asubuhi. Kauli ilishutumiwa, ila mafaili hayakuchomwa, wala swali la asili halikuondolewa katika fomu.

Hapa ndipo tunapofika kwenye suala la watoto kuwashtaki wazazi, ambalo wasomaji wengi hulitazama kama wazimu wa halaiki. Lilikuwa na mantiki. Msimamo rasmi wa Chama cha Kikomunisti ulisema kwamba asili ya mtu inahesabiwa lakini haihesabiwi peke yake, na kwamba lililo zito ni mwenendo wake wa kisiasa. Watoto wa familia zilizolaumiwa walipewa hata jina la matumaini: watoto wanaoweza kuelimishwa wakawa wema. Sasa tujiweke mahali pa msichana wa miaka 14 ambaye baba yake amebandikwa jina la mrengo wa kulia tangu mwaka 1957. Asili haibadiliki. Mwenendo unabadilika, lakini mwenendo upi utaonekana na kuaminiwa? Bidii ya masomo inaweza kuitwa tamaa ya makuu. Ukimya unaweza kuitwa kinyongo. Tendo moja tu halikuwa na tafsiri mbili, nalo ni kumkana mzazi hadharani. Imani hiyo ya damu ndiyo iliyofanya kumshtaki mzazi kuwe na thamani: shutuma ya jirani ilikuwa habari ya kawaida, lakini shutuma ya mwana ilikuwa uthibitisho. Hata binti wa Liu Shaoqi, aliyekuwa bado rais wa nchi kwa jina, aliandika bango la kumshutumu baba yake majira ya baridi ya 1966–67.

Mfano unaotajwa sana ni wa Fang Zhongmou wa wilaya ya Guzhen, mkoani Anhui. Februari 1970, katika mabishano ya nyumbani, alimtetea Liu Shaoqi na kulaumu namna Mwenyekiti Mao alivyokuwa akitukuzwa. Mumewe na mwanawe wa miaka 16 wakatoa taarifa. Aprili 11 mwaka huohuo alipigwa risasi. Mwana huyo, Zhang Hongbing, ndiye aliyeyasimulia hayo mwenyewe magazetini mwaka 2013 akiomba radhi kwa mama yake, na ndiyo maana jina lake linajulikana. Kinachosahauliwa ni kwamba Fang mwenyewe alikuwa amekwisha kuchunguzwa kwa sababu ya baba yake, aliyehesabiwa kabaila. Kijana alimshtaki mama ambaye naye alikuwa anashtakiwa kwa ajili ya baba yake. Kama Hongbing angenyamaza na maneno yale yakavuja, angehesabiwa mjukuu wa kabaila aliyemficha mpinga mapinduzi. Sisemi hivi kumwondolea lawama, naye mwenyewe hajaomba kuondolewa. Nasema kwamba ule uamuzi wa usiku mmoja ulikuwa umeandaliwa na miaka 20 ya mafaili.

Je, jambo hili lilikuwa geni katika China? Mazungumzo ya Confucius yana kisa cha mtu aliyesifiwa kwa unyofu kwa kuwa alimtolea ushahidi baba yake aliyeiba kondoo. Confucius alijibu kwamba kwao unyofu ni baba kumsitiri mwana na mwana kumsitiri baba. Fundisho hilo liligeuka sheria. Mwaka 66 KK mfalme Xuan wa nasaba ya Han aliamuru kwamba mwana anayemficha mzazi, au mke anayemficha mume, asiadhibiwe. Sheria za nasaba ya Tang, zilizotangazwa mwaka 653, zilikwenda mbali zaidi: mtoto aliyemshtaki mzazi ndiye aliyestahili kunyongwa. Sambamba na hayo ilikuwapo adhabu ya ukoo, ambapo kosa la mmoja liliwaangamiza jamaa zake. Haikufutwa hadi mageuzi ya sheria ya mwaka 1905.

Msomaji anaweza kuona hapo kinga na hatia zikitembea pamoja, akadhani kwamba Mapinduzi ya Utamaduni yalichukua hatia na kuitupa kinga. Ni karibu na kweli, ila sivyo hasa. Katika sheria ya Tang kinga ilikuwa na mpaka: haikufika kwenye uasi dhidi ya mfalme na makosa ya jamii hiyo, na ni katika makosa hayohayo ndiko adhabu ya ukoo ilikokuwa kali zaidi. Mwana wa mwasi alikuwa na hatia ya damu bila kinga ya damu tangu karne ya saba. Kipya cha mwaka 1966 ni upana wa eneo la uasi. Kosa ambalo chini ya wafalme lilihitaji jeshi, au walau njama, sasa lilitimizwa na gazeti lenye picha ya Mwenyekiti lililofungiwa samaki, au neno lililotoka mdomoni wakati wa chakula cha jioni. Kila nyumba iliingizwa katika sheria ya waasi, na mtoto wa kawaida wa mwalimu wa kawaida akawa katika hali ambayo zamani ilikuwa ya watoto wa majenerali walioasi.

Kuna pingamizi lenye nguvu kuliko yote: huenda familia ya Kichina ilistahili kushambuliwa. Kizazi cha vuguvugu la Mei Nne, 1919, kiliamini hivyo, na hakikukosea. Ba Jin, aliyekulia katika nyumba kubwa ya kitajiri mjini Chengdu, aliandika riwaya ya Familia, iliyotoka kitabu mwaka 1933, kuonyesha jinsi babu mmoja anavyoweza kuyasaga maisha ya vijana watatu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1950 ilipiga marufuku ndoa za kulazimishwa na kuwapa wanawake haki ya talaka, na mamilioni ya wasichana walinufaika nayo. Ninaiheshimu kazi hiyo bila kigugumizi. Lakini sheria hiyohiyo iliwataka wazazi na watoto watunzane na kukataza kutelekezana. Haikumtaka mtoto awe shahidi wa mashtaka. Na tumtazame Ba Jin mwenyewe. Mkewe, Xiao Shan, aliugua saratani, lakini kwa kuwa alikuwa mke wa mwandishi aliyelaumiwa hakupata matibabu ya maana mpaka ugonjwa ulipokwisha kuenea. Alifariki Agosti 1972. Mtu aliyetumia ujana wake kupigania vijana wasifungwe na jina la ukoo alimpoteza mkewe kwa sababu ya jina alilolibeba. Insha alizoziandika Ba Jin baada ya mwaka 1978 zinarudi huko mara kwa mara, na mwaka 1986 alipendekeza ijengwe makumbusho ya Mapinduzi ya Utamaduni. Serikali haijaijenga.

Aliyeliona mapema fumbo hili, la mapinduzi yanayompima mtu kwa damu, na kulisema waziwazi alikuwa kijana wa Beijing. Yu Luoke, aliyezaliwa 1942, alifaulu mitihani lakini hakupokelewa chuo kikuu kwa kuwa wazazi wake walihesabiwa wa mrengo wa kulia. Mwaka 1966 aliandika insha juu ya asili ya kifamilia, ikachapishwa Januari 1967 katika gazeti la wanafunzi lililouzwa makumi ya maelfu ya nakala. Alitumia lugha ya mapinduzi yenyewe: kama jamii ndiyo inayomuumba mtu, na kama jamii mpya ni bora, basi itakuwaje ushawishi wa nyumba moja uushinde ushawishi wa jamii nzima? Anayeamini damu, alisema, haamini mapinduzi. Aliyemjibu alikuwa polisi. Alikamatwa Januari 1968, na tarehe 5 Machi 1970, akiwa na miaka 27, alihukumiwa kifo mbele ya umati katika Uwanja wa Wafanyakazi wa Beijing. Miongoni mwa watu wote wa kipindi kile, huyu ndiye ningependa asomwe zaidi na wanafunzi wetu.

Neno moja juu ya vyanzo. Kumbukumbu zinazosomwa duniani, kama kitabu cha Jung Chang cha mwaka 1991, ni za watoto wa mjini, wengi wao wa makada, ambao mateso yao yalianza 1966 na kupungua baada ya miaka 10. Mtoto wa kabaila kijijini aliubeba mzigo huo tangu 1950, bila shajara na bila mchapishaji. Utafiti wa Anita Chan, Richard Madsen na Jonathan Unger juu ya kijiji kimoja cha Guangdong, uliotolewa mwaka 1984, unaonyesha vijana wa kiume wa asili mbaya wakizeeka bila kuoa, kwa kuwa hakuna mzazi aliyetaka wajukuu wake warithi daraja lile. Wasichana wa asili hiyohiyo waliweza kuolewa na kuwazalia watoto daraja la mume. Hiyo ndiyo familia ya zamani, ukoo wa baba, ikiendeshwa kwa ukali kuliko ulivyoendeshwa na wazee wa ukoo. Wasomaji wa Afrika Mashariki hawakuonyeshwa upande huu. Redio Peking ilitangaza kwa Kiswahili tangu 1961, na magazeti ya picha ya China yalituletea wakulima wenye tabasamu. Kijana anayefagia njia za kijiji kwa dhambi ya babu yake hakupigwa picha.

Januari 1979 Kamati Kuu ya Chama iliwaondolea makabaila na wakulima matajiri wengi majina yao, na kuamua kwamba watoto wao wahesabiwe wanakomuni kama wengine. Hukumu ya Yu Luoke ilifutwa mwaka huo, ya Fang Zhongmou mwaka 1980. Suala la kinga lilichukua muda mrefu zaidi. Marekebisho ya Sheria ya Mwenendo wa Jinai ya mwaka 2012 yalieleza, katika kifungu cha 188, kwamba mke, mume, mzazi au mtoto wa mshtakiwa hawezi kulazimishwa kufika mahakamani kutoa ushahidi. Wanasheria kadhaa wa China waliyapokea kama kurudi kwa fundisho la kale. Nionavyo mimi, kilichorudi ni sehemu ndogo, kwa sababu kifungu kinazungumzia kufika mahakamani tu, wala hakimpi jamaa haki ya kuwanyamazia wapelelezi. Agosti 2013, mwezi uleule ambao maungamo ya Zhang Hongbing yalikuwa magazetini, mwanasiasa Bo Xilai, ambaye naye alifungwa ujanani wakati baba yake alipoangushwa, alisimama kizimbani mjini Jinan. Mkewe alikataa kufika, na sheria mpya ilimruhusu. Maelezo aliyoyatoa kwa wapelelezi yalionyeshwa mahakamani kwa video, yakapokelewa kuwa ushahidi dhidi ya mumewe.