Programu ya Nuru: ilivyotoka kwenye kompyuta hadi simu, na kwa nini inaweza kupita ugonjwa bila kuuona

Ukielekeza simu kwenye jani la mhogo na simu ikakutajia ugonjwa kwa Kiswahili, bila bando wala mtandao, huenda unatumia Nuru. Programu hii imetengenezwa na kikundi cha PlantVillage cha Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, pamoja na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA. Wasikilizaji wengi hutaka kujua mambo mawili: kwa nini haiingii kwenye kila simu, na je, majibu yake yaaminiwe? Maswali hayo yanakaribiana kuliko yanavyoonekana.

Kila kompyuta na kila simu ina programu mama inayoitwa mfumo endeshi. Ndiyo inayogawa kumbukumbu, inayofungua kamera, na inayoruhusu au kukataza programu nyingine kugusa picha zako. Kompyuta nyingi za ofisini hutumia Windows. Za watafiti mara nyingi hutumia Linux, na simu janja nyingi hapa nchini hutumia Android. Android yenyewe imejengwa juu ya kiini cha Linux, lakini undugu huo hautoshi kuifanya programu ya upande mmoja ifanye kazi upande wa pili. Chipu nazo ni tofauti: ile ya simu na ile ya kompyuta nyingi hupokea amri kwa lugha mbili zisizoelewana.

Fikiria plau la kukokotwa na ng'ombe. Ukitaka livutwe na trekta, hulifungi kwa mnyororo ukaondoka. Fundi atabadili sehemu ya kufungia, ataimarisha chuma, na pengine atagundua kwamba kwa mwendo ule plau halizami ardhini kama zamani. Kuhamisha programu kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine ni kazi ya aina hiyo, na fundi hawezi kuifanya kama hajaruhusiwa kufungua. Hapo ndipo programu huria inapokuwa na faida, kwa sababu msimbo wake, yaani maelekezo yaliyoandikwa na waundaji, uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha.

Nuru imesimama juu ya programu huria iitwayo TensorFlow, inayotumika kuifundisha kompyuta kutambua vitu kwa kuonyeshwa mifano. Kampuni ya Google ilifungua msimbo wake Novemba 2015. Mwanzoni ilifanya kazi kwenye Linux na kompyuta za Mac, na Windows ikafikiwa mwishoni mwa 2016. Mwaka 2017 likatoka toleo jepesi lililokusudiwa simu.

Mwaka huohuo wa 2017, watafiti wakiongozwa na Amanda Ramcharan walichapisha matokeo ya kazi iliyoanzia hapa kwetu Tanzania. Walitumia picha 2,756 za majani ya mihogo kutoka mashamba ya IITA karibu na Bagamoyo, wakaifundisha kompyuta magonjwa matatu (batobato, michirizi ya kahawia na madoa ya kahawia) pamoja na uharibifu wa utitiri wa aina mbili. Kwenye picha ambazo haikuwa imeziona kabla, kompyuta ilipatia kwa asilimia 93.

Lakini kompyuta ya watafiti haiendi shambani. Ili kuingia kwenye simu ya kawaida, ambayo kumbukumbu yake ni ndogo na betri yake ndiyo hiyo ya kutwa nzima, ilibidi kutumia muundo mwepesi zaidi wa utambuzi, uliobuniwa kwa ajili ya simu. Kisha watafiti wakafanya jambo ambalo wengi hulikwepa: waliipeleka simu yenyewe shambani, hapa Tanzania, wakaipima kwa vijani 720 vya mihogo iliyougua.

Majibu yalidorora. Hata kwa majani yenye dalili zilizo wazi, kipimo cha ubora wa utambuzi kilishuka kwa asilimia 32. Shambani jua hupiga kutoka nyuma, upepo hutikisa jani, na mkono hutupa kivuli. Muhimu kwetu ni aina ya kosa lenyewe: tatizo kubwa lilikuwa kupita majani yenye ugonjwa bila kuyaona. Kwa hiyo simu ikisema haioni kitu, usichukulie kwamba shamba ni zima. Kwa mkulima anayekata vipando vya msimu ujao, kosa hilo ni ghali, kwa kuwa batobato na michirizi ya kahawia husafiri ndani ya vipando hivyohivyo. Michirizi ya kahawia ina hila nyingine: mmea unaweza kuonekana wa kuridhisha kwa juu huku mizizi inaoza chini, na Nuru hutazama majani tu.

Kazi iliendelea. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha Nuru ikipatia asilimia 65. Maofisa ugani waliopimwa walipata kati ya asilimia 40 na 58, na wakulima kati ya 18 na 31. Tusiwacheke maofisa ugani kwa hilo, maana jani moja si shamba, na ofisa ugani huweza kung'oa mmea, kuuliza mbegu ilitoka wapi na kukumbuka mvua ya mwaka jana. Lakini utafiti huo ulitoa pia dawa rahisi: ukipima majani sita ya mmea mmoja badala ya moja, usahihi wa Nuru hupanda hadi kati ya asilimia 74 na 88.

Kwa mkoa wa Dodoma, ambako mahindi na mtama ndiyo tegemeo la kaya nyingi, tawi jingine la Nuru lina uzito zaidi. Mwaka 2018 shirika la FAO na Penn State walitangaza Nuru ya kutambua uharibifu wa viwavijeshi vamizi kwenye mahindi, mwaka mmoja baada ya mdudu huyo kuthibitika nchini. Hapa pia usingoje simu ikuamulie: fungua moyo wa mmea, tafuta kinyesi kinachofanana na unga wa mbao na kiwavi mwenyewe.

Kuhusu simu: Nuru ilitengenezwa kwa Android. Kitochi hakiwezi kuiendesha, na kuipeleka kwenye iPhone ni safari nyingine ya uhamishaji. Simu janja ya zamani nayo inaweza kuikataa, kwa kuwa programu huandikwa kwa kulenga toleo fulani la mfumo na yote yanayofuata. Ipakue ukiwa sehemu yenye mtandao mzuri, uifungue mara moja uone kamera inafanya kazi, kabla hujaenda shambani. Kikundi kinaweza kutumia simu moja. Mnapopima, simameni jua likiwa mgongoni bila kivuli chenu kuangukia jani, chagueni majani sita kutoka sehemu mbalimbali za mmea, na mmea wowote mnaoutilia shaka msiukate vipando hata kama simu imenyamaza.