Lami: neno moja, vitu vitatu

Neno bitumeni limeanza kujipenyeza katika ripoti zetu za barabara. Mhandisi huliandika kwa mazoea ya chuo, naye mtafsiri huliacha lilivyo kwa kuhofia kupotosha. Mimi nasema hatulihitaji. Kiswahili kina lami, na lami ndilo jina halisi la kitu hicho. Tatizo letu ni kwamba tumelitwisha neno hili moja vitu vitatu: gundi nyeusi inayotokana na mafuta ya petroli, mchanganyiko wa gundi hiyo na kokoto, na barabara nzima iliyokwisha kujengwa. Anayesema “lami imeisha” huenda anazungumzia mapipa ghalani, au kipande cha njia ambapo gari linaanza kutimua vumbi.

Tuanze na gundi yenyewe, kwa kuwa hayo mengine yote yamezaliwa nayo. Lami ni sehemu nzito kuliko zote ya mafuta ghafi: molekuli kubwa za kaboni na hidrojeni, pamoja na salfa na chembe za metali kama vanadi na nikeli. Haiyeyuki majini, hunata, hulainika ikipashwa moto na hukaza ikipoa. Si lazima itoke kiwandani. Hit, kando ya Mto Frati nchini Iraki, imetoa lami ya asili tangu enzi za kale, na katika kisiwa cha Trinidad, mahali paitwapo La Brea, kuna ziwa zima la lami. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili walilielewa jambo hili vizuri. Katika habari za mnara wa Babeli waliandika lami, maana watu wa nchi hiyo waliunganisha matofali yao kwa kitu hicho hasa. Hapakuwa na barabara pale. Palikuwa na gundi. Kwa hiyo maana ya gundi ina mizizi katika maandishi yetu, wala haihitaji jina la kuazima.

Mkanganyiko mkubwa ulitoka Uingereza. Mskoti John Loudon McAdam, aliyefariki mwaka 1836, alifundisha kwamba barabara imara hujengwa kwa mawe madogo yaliyopondwa, yakashindiliwa juu ya ardhi iliyoinuka kidogo ili maji yatiririke pembeni. Njia yake ilifaa magari ya farasi. Magari ya injini yalipokuja na magurudumu ya mpira, yaliyafumua mawe hayo na kuinua vumbi. Mwaka 1901 mhandisi Edgar Purnell Hooley alipita Denby, katika jimbo la Derbyshire, akaona sehemu ya njia isiyo na vumbi. Akaambiwa kwamba pipa la lami lilimwagika hapo, na watu wa kiwanda cha chuma kilichokuwa jirani wakaifunika kwa takataka za tanuri. Mwaka 1902 alipata hataza ya mchanganyiko wa namna hiyo, na Radcliffe Road ya Nottingham ikawa barabara ya kwanza kutengenezwa hivyo. Jina la biashara la mchanganyiko wake, Tarmac, limesafiri mbali sana. Mpaka leo kijana wa Kenya anayezunguka mji akitafuta kazi husema anatarmac.

Lakini gundi ya Hooley haikutoka kwenye petroli. Ilitokana na makaa ya mawe, yanapochomwa bila hewa ili kupata gesi na makaa ya kuyeyushia chuma. Kwa macho inafanana na lami ya petroli, ila kikemia ni kitu kingine, na kwa afya ni hatari zaidi: ina benzopireni kwa wingi na imethibitishwa kusababisha saratani. Nchi nyingi zimeacha kuimwaga barabarani. Hapa ndipo istilahi inapogusa uhai wa watu. Fundi anayekwangua tabaka kuukuu anastahili kujua ni ipi iliyo chini ya nyundo yake. Napendekeza tuseme lami ya makaa kila tunapoikusudia hiyo, na tuiache lami tupu iwe jina la ile ya petroli na ile ya asili.

Ya asili ina mkasa unaostahili kusimuliwa kwa kirefu, kwani ndiyo iliyounganisha ujenzi wa barabara na uvumbuzi wa kutoa mafuta ardhini. Kaskazini mwa jimbo la Alberta, nchini Kanada, kando ya Mto Athabasca, kuna mchanga mweusi unaonata. Kwa wastani sehemu ya kumi hivi ya uzito wake ni lami. Wenyeji wa kabila la Cree walichanganya lami hiyo na utomvu wa miti, wakaziba nyufa za mitumbwi yao. Ni kazi ileile ambayo mafundi wa majahazi wa pwani yetu wameifanya kwa kalafati na deheni.

Mwaka 1915 mhandisi Sidney Ells alisafirisha mchanga huo hadi Edmonton na kuutandaza barabarani kwa majaribio. Ulifaa. Ila gharama haikufaa, maana katika kila tani kumi zilizobebwa, takriban tisa zilikuwa mchanga, na mchanga Edmonton haukukosekana. Swali likawa jinsi ya kuitoa lami na kuuacha mchanga kulekule. Aliyelijibu ni mkemia Karl Clark, mtu ambaye hapo awali alishughulikia dawa ya kuzuia matope katika barabara za udongo za nyanda za Kanada. Katika miaka ya 1920, akiwa Chuo Kikuu cha Alberta, Clark aliutia mchanga huo katika maji ya moto yenye kemikali ya jamii ya magadi, akaukoroga. Katika mchanga wa Athabasca kila chembe imezungukwa na utando mwembamba wa maji kabla ya lami, kwa hiyo lami haikugusana na jiwe lenyewe. Ikipata moto hubanduka, hushikana na viputo vya hewa na kupanda juu kama povu. Chini hubaki mchanga safi.

Clark alifariki Desemba 1966. Mwaka 1967 kampuni ya Great Canadian Oil Sands ilifungua mgodi mkubwa wa kwanza ulioitumia njia yake. Lami iliyotoka humo ilibadilishwa kiwandani kuwa mafuta ghafi mepesi. Utafiti ulioanzia kwenye matope ya barabara za vijijini ukawa tasnia ya nishati, ukaacha pia mabwawa makubwa ya maji machafu ambayo bado yanaisumbua Alberta.

Mgodi wa wazi, hata hivyo, hufikia lami iliyo karibu na uso wa ardhi tu. Sehemu kubwa ya akiba ya Alberta imelala chini zaidi, na kwa kuwa mnato wake ni mkubwa mno, haiwezi kutiririka hadi kisimani kama mafuta ya kawaida. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mhandisi Roger Butler alileta jibu. Huchorongwa visima viwili vinavyoshuka wima kisha kulala sambamba, kimoja mita tano hivi juu ya kingine. Kile cha juu hupelekewa mvuke wenye joto la zaidi ya nyuzi 200. Lami inayouzunguka hulainika, na kwa uzito wake yenyewe hudondokea kisima cha chini, kisha hupandishwa. Nimetumia kuchoronga kwa makusudi. Ndilo neno la wenye kazi katika migodi na utafutaji wa gesi Tanzania, nalo linatofautisha tundu jembamba la mashine na shimo la kuchimbwa kwa jembe. Kamusi zetu zilipe uzito linaostahili.

Wanaoandika Kiingereza wanagombana kama mchanga huo uitwe mchanga wa mafuta au mchanga wa lami ya makaa, kila upande ukitafuta jina linalosaidia hoja yake. Kiswahili hakina haja ya ugomvi huo. Mchanga wa lami ni jina la kweli, kwani kilichomo ni lami. Tena tutalihitaji: ng’ambo ya mkondo wa Msumbiji, huko Bemolanga magharibi mwa Madagaska, kuna hazina inayojulikana ya mchanga wa lami.

Lami nyingi ya barabara zetu lakini haitoki mchangani. Hutoka katika kiwanda cha kusafishia mafuta, mwishoni kabisa mwa kazi ya kukeneka. Mafuta ghafi hupashwa moto hadi nyuzi 350 hivi na kuingizwa mnarani. Gesi, petroli, mafuta ya taa na dizeli huvukizwa na kukusanywa, kila moja kwa ngazi yake. Kinachobaki chini hakiwezi kuongezewa moto, kitaungua na kuvunjika, kwa hiyo hupelekwa katika mnara wa pili ulioondolewa hewa, ambamo mafuta mazito huchemka kwa joto la chini zaidi. Mabaki ya mnara huo wa pili ndiyo lami, kama machicha baada ya tui la mwisho. Wauzaji huipanga kwa ugumu: sindano yenye mzigo wa gramu 100 huachwa izame kwa sekunde 5 katika lami ya nyuzi 25. Ikizama milimita 6 hadi 7, hiyo ni daraja la 60/70, nambari unazoziona kwenye mapipa. Mtu aliyebuni kifaa cha kwanza cha sindano, H. C. Bowen, alikifanya mwaka 1888. Kabla yake mafundi walikuwa wakiitafuna lami ili kuupima ugumu wake.

Sasa tuje kwenye mchanganyiko, ambapo watu wa barabara Tanzania wamekwisha kutangulia waandishi wa kamusi. Wanasema lami nyepesi na lami nzito. Lami nyepesi hunyunyiziwa ikiwa ya moto juu ya tabaka lililoshindiliwa, kokoto ndogo zikamwagwa juu yake na kukandamizwa. Mara nyingi hurudiwa mara mbili. Lami nzito hupikwa mtamboni kwa nyuzi 150 na zaidi: kokoto, mchanga na vumbi la mawe huchanganywa na gundi, kisha hutandazwa kwa mashine na kushindiliwa kabla haijapoa. Katika tani moja ya lami nzito, gundi haizidi sana kilo 50. Yote mengine ni mawe. Hiyo ndiyo sababu ubora wa kokoto huamua uhai wa barabara. Lami nyepesi inafaa njia yenye magari machache na haistahili kudharauliwa, ila malori mazito ya kila siku huichakaza mapema.

Maneno hayo mawili yamezaliwa kazini, yanaeleweka kwa mpiga kura na kwa mkandarasi, na yanaeleza tofauti kubwa ya fedha. Yaingizwe katika kamusi, vitabu vya shule na mikataba inayosomwa na umma. Nawe msomaji, mradi ukitangazwa mtaani kwako kuwa utajengwa “kwa kiwango cha lami”, nenda kwenye mkutano ukaulize mambo mawili: ni lami nyepesi au nzito, na unene wake ni milimita ngapi.