Walezi wa Yatima wa Nyika ya Voi

Kabla ya reli kufika Voi, katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, nyika iliyo baina ya Mombasa na vilima vya Taita ilisifika kwa wasafiri kwa mambo mawili, kiu na pembe. Misafara iliyotoka pwani na nguo, shanga na nyaya za shaba ilipita Maungu, ikapita chini ya Ndara na Bura ikielekea Taveta, mahali palipokuwa na kivuli, maji na chakula cha kununua, kisha ikaendelea Uchagani na Umasaini. Na iliporejea, bidhaa iliyothaminiwa kuliko zote mabegani mwa wapagazi ilikuwa pembe ya ndovu. Katika hesabu za biashara ile ndama wa ndovu hakuwa na nafasi: hana pembe, hana bei, na mama yake akisha kuangushwa kwa mshale au kwa risasi, yeye huachwa pale pale aliposimama, jua na simba wammalizie. Nataka kuandika habari ya namna desturi hiyo ilivyokuja kugeuzwa katika nyika ile ile, hata yule asiye na bei akawa ndiye wa kukeshewa, na kuuliza ni nani hasa waliokesha.

Mabingwa wa uwindaji wa ndovu huko walikuwa Waata, ambao majirani zao waliwaita Waliangulu, watu wa upinde mrefu na sumu iliyopikwa kutokana na mti wa msunguti, waliosoma nyayo na kinyesi cha ndovu kama mwanachuoni asomavyo kitabu chake. Serikali ya kikoloni ilipotangaza Mbuga ya Taifa ya Tsavo mwaka 1948, yenye eneo la karibu kilomita za mraba 21,000, na mwaka uliofuata ikaigawa kuwa mashariki na magharibi ili iwe sahali kuitawala, riziki ya Waata iligeuka kuwa jinai bila wao kuulizwa neno. Makao ya upande wa mashariki yaliwekwa Voi, chini ya kilima cha Mazinga, na mlinzi wake mkuu wa kwanza alikuwa David Sheldrick, Mwingereza aliyezaliwa Iskandaria mwaka 1919, ambaye alikuta pori tupu lisilo na barabara wala nyumba. Katika vita alivyopigana na wawindaji, hasa miaka ya 1956 na 1957, Waata wengi walikamatwa na kufungwa. Na ijapokuwa mwaka 1960 ulianzishwa mpango wa kuwaruhusu kuwinda kwa idhini upande wa mto Galana, mpango huo haukudumu. Nionavyo mimi, hiyo ilikuwa hasara maradufu, kwa sababu ilimu kubwa kuliko zote juu ya mnyama yule iliwekwa nyuma ya makufuli wakati ilipohitajiwa kuliko wakati wowote.

Askari wa mbuga waliofuata nyayo za wawindaji aghalabu walifika wamechelewa, wakamkuta mama amekufa na ndama amesimama kando ya mzoga, hataki kuondoka. Ndivyo ilivyoanza kazi ya kulea huko Voi, pasipo amri wala fungu la fedha, kwa huruma ya watu waliokuwa na shughuli nyingine na hawakuweza kugeuza uso. Wa kwanza kukumbukwa ni Samson na Fatuma, ndovu wawili wa miaka ya 1950. Akaja Rufus, mtoto wa kifaru. Wakaja nyati, pundamilia, mbuni na paa, na hata ndege mdogo wa jamii ya kwera aliyepewa jina la Gregory Peck, mchezaji mashuhuri wa sinema, naye akaishi nyumbani kwa mlinzi mkuu akiingia na kutoka apendavyo. Habari zao ziliandikwa na Bibi Daphne, aliyeolewa na Sheldrick mwaka 1960, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1966, na kitabu hicho ndicho kilichoieneza sifa ya Voi ulimwenguni. Lakini bibi mmoja na mumewe hawawezi kumwongoza porini kila siku mnyama alaye mchana kutwa, wala kumkesha usiku wote. Waliofanya hivyo ni watumishi wa mbuga, na majina yao yamepita katika kurasa hizo upesi mno.

Mwaka 1961 aliletwa ndovu jike mdogo kutoka upande wa kaskazini, jina lake Eleanor, naye alikuja kuwa nguzo ya kazi yote. Alipokua alijitwalia kila yatima mpya aliyefika, akamlinda, akamfunza kuchimba mizizi na kujipaka matope, kwa hivyo walezi wakapata mwenzao aliyejua yale wasiyoweza kuyajua wao. Zama hizo hizo ulizuka mzozo mkubwa. Richard Laws, mtaalamu aliyeshika utafiti wa Tsavo mwaka 1967, aliona kwamba ndovu wamezidi uwezo wa ardhi na miti inakwisha, akataka maelfu wauawe kwa ajili ya uchunguzi na kupunguza idadi. Sheldrick akakataa, akisema maumbile yaachiwe yajihukumu. Laws aliondoka mwaka 1968. Maumbile yalihukumu mwaka 1970 na 1971, kwa ukame ulioua ndovu wapatao 6,000, na walioangamia zaidi walikuwa majike na ndama, maana mama mwenye mtoto hathubutu kwenda mbali na maji hata kama malisho ya hapo yamekwisha. Hata leo wako wanaosema Laws alikuwa na haki, na wako wanaosema miti ilirudi na majani yakaota, basi Sheldrick ndiye aliyeona mbali. Mimi nasema tu kwamba hakuna kati ya rai hizo mbili iliyompa maziwa ndama aliyebaki.

Na maziwa ndiyo yaliyokuwa mtihani. Ndovu aliyekwisha kuanza kula majani aliweza kuokolewa, walakini mchanga anayetegemea maziwa peke yake alikufa mikononi mwa walezi, mmoja baada ya mwingine, kwa miaka mingi, kwa kuwa mafuta yaliyomo katika maziwa ya ng'ombe humharibu tumbo, akaharisha mpaka akakauka. Kila kitu kilijaribiwa. Dawa ilipopatikana, ilikuwa kitu ambacho kila jiko la pwani lilikuwa nacho tangu jadi: mafuta ya nazi, yaliyochanganywa katika maziwa ya unga ya watoto wachanga. Kwa chakula hicho, mwaka 1974, Aisha, ndama mchanga kabisa, alinawiri kwa miezi kadhaa akimfuata Bibi Daphne kila aendako. Kisha bibi huyo akasafiri kwenda kusimamia harusi ya bintiye, akakaa huko siku chache, na Aisha, akidhani amefiwa na mama mara ya pili, aliacha kula akafa.

Katika taarikhi yote ya kazi hii sioni tukio lenye faida kubwa kuliko msiba huo, kwa sababu ndio ulioonyesha kwamba maziwa ni nusu tu, na kwamba nusu ya pili ni watu, tena watu wengi. Tangu hapo ikawekwa kanuni kwamba yatima asiwe wa mtu mmoja. Awe na aila nzima ya walezi wanaobadilishana, ili apende wote na asimlilie yeyote peke yake. Akiwa mchanga mlezi hulala naye chumba kimoja, juu ya kitanda kilichoinuliwa, na kumwamkia kila baada ya saa tatu na chupa. Na wakati wa kunyonya hutundikwa blanketi ili ndama aegemeze mkonga wake hapo, adhani ni ubavu wa mama. Mchana humtembeza kichakani, humpaka matope, humfunika akiona baridi, na huangalia masikio, macho na kinyesi chake, kwani ndama huugua asubuhi akafa jioni. Sheldrick alifariki mwaka 1977, baada ya kuhamishiwa Nairobi. Mwaka huo huo ukaundwa mfuko wenye jina lake, na malezi ya wachanga yakawekwa katika Mbuga ya Nairobi, ambako mwaka 1987 Olmeg akawa mchanga wa kwanza kuvuka salama. Voi ikabaki kuwa chuo cha pili: wakifikia miaka miwili au mitatu, yatima hupelekwa huko kujifunza undovu.

Njia inayotumika huko si ngeni kwa wanaojua habari za kozi. Taita yenyewe ina kozi wake, ndege mdogo wa majabali ambaye Wajerumani wawili, Anton Reichenow na Oscar Neumann, walimweleza mwaka 1895 kutokana na mmoja aliyepatikana huko, na hadi leo jamaa zake wanaoishi katika magenge ya Zambezi huitwa kwa jina la vilima hivi. Nduguye mkubwa, yule ambaye Waarabu wa Ghuba humwita shahini, alikaribia kutoweka katika nchi za kaskazini baada ya vita kuu vya pili, kwa ajili ya dawa ya wadudu ya DDT iliyofanya maganda ya mayai yake kuwa membamba, yakapasuka chini ya kifua cha mama. Marekani ilipiga marufuku dawa hiyo mwaka 1972, na mtaalamu Tom Cade, aliyeanzisha mfuko wa kozi mwaka 1970, akachukua hila ya kale ya wafuga kozi: makinda huwekwa katika sanduku juu ya mnara, hulishwa bila kumwona mtu, kisha mlango hufunguliwa, na chakula huendelea kuwekwa hapo mpaka siku ambayo hawarudi kukila. Kozi wengi wamehamia majumba marefu ya miji, na kila msimu wa makinda kuruka, watu wa kujitolea, wasiolipwa hata senti, husimama barabarani chini ya majumba hayo na masanduku yao, wamwokote aliyeanguka na kumrudisha juu kabla gari halijampitia. Zizi la Voi ni mlango huo huo uliofunguliwa. Asubuhi yatima hutoka na walezi, hukutana na ndovu wa mwitu penye maji, na jioni hurudi wenyewe; siku moja mmoja hulala nje, akarudi kesho yake; baadaye hukaa nje wiki, mwezi, na mwishowe huja mara moja moja kusalimu. Tofauti ni muda tu, maana kazi ya mwokoa kozi ni ya majuma machache, ilhali ya mlezi wa ndovu huchukua karibu miaka kumi kwa kila mmoja.

Kazi hiyo ilipata yatima wengi kupita kiasi katika miaka ya 1970 na 1980, wakati majangili wenye bunduki za kivita walipoingia Tsavo, na ndovu waliokuwa zaidi ya 30,000 wakapungua hata mwaka 1988 hawakufika 7,000. Mwaka 1989 Rais Moi alichoma moto tani 12 za pembe mjini Nairobi, na mwaka huo huo mataifa yakakubaliana kuifunga biashara ile iliyowahi kupita Maungu na Bura. Ndama waliacha kufiwa kwa wingi namna ile, lakini hawakukoma: wako wanaotumbukia visimani, wako wanaoachwa na ukame, na wako ambao mama zao waliuawa kwa kuingia mashambani.

Hapo ndipo pana lawama ambayo mwandishi wa haki hawezi kuiruka. Mbuga za Tsavo zimechukua kiasi cha asilimia 62 ya ardhi ya Taita Taveta, na Mtaita wa Sagalla au Mbololo ambaye mahindi yake yamekanyagwa usiku mmoja, au ambaye nduguye ameuawa njiani, ana haki ya kuuliza kwa nini chupa ya maziwa imfikie ndovu upesi kuliko fidia kumfikia yeye. Sikubali kwamba jawabu ni kumnyang'anya ndama chupa. Lakini sikubali vilevile kwamba huruma ikomee kwenye lango la mbuga, na nafurahi kuona kwamba huko Sagalla wakulima wamezungushia mashamba yao nyuzi zilizotundikwa mizinga ya nyuki, ambao ndovu huwaogopa kweli kweli, hivi kwamba uzio ule ule unaolinda mahindi unatoa asali ya kuuza.

Miongoni mwa waliopita katika zizi la Voi ni Emily, aliyeokolewa mwaka 1993, akiwa ndama, baada ya kutumbukia katika shimo la choo lililoachwa huko Manyani. Alikua, akawa mkuu wa kundi la yatima kama Eleanor kabla yake, akaingia mwituni, na mwishoni mwa mwaka 2008 alizaa mtoto wake wa kwanza, akamleta kwa walezi waliomnywesha maziwa. Jina la mtoto huyo, Eve, linajulikana London na New York. Majina ya walezi waliosimama pale siku ile hayajulikani hata sokoni Voi. Wazee waliofanya kazi na Samson, na Fatuma, na Eleanor, wanazidi kupungua, na ilimu yao haimo katika kitabu chochote kwa maneno yao wenyewe. Nawasihi walimu na wanafunzi wa Taita Taveta, wenye kalamu na vinasa sauti, waende kwao na kwa wazee wa Kiwaata mwaka huu, wawaulize, na waandike.