Kasoro za programu ndogo ziandikwe wapi?

Zone za afya za Kongo, Mitwaba kati yake, zinatuma ripoti kwa DHIS2, programu huria inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Kasoro zake zinaandikwa ndani ya Jira: kila moja na namba yake, mwenye kuifwata na hali yake. Kundi la vijana watatu ao wane wanaotengeneza programu ya kituo cha afya haliitaji kitu kizito hivyo. Lakini daftari moja linaitajika. Muuguzi akiona jumla ya chanjo haitoki sawa, akituma WhatsApp tu, kesho njo imepotea.

Kodi ikiwa tayari kwenye GitHub, daftari liko palepale, bure. Bugzilla, ya Mozilla tangu 1998, iko na nguvu, ila inaomba serveri na mtu wa kuichunga, akihama, inakufa.

Penye rezo inakatika, Fossil inafaa zaidi: kodi na kasoro vinakaa katika faili moja, unaandika bila intaneti, unalinganisha na wenzako ukifika mujini. Ubaya wake, wachache wanaijua. Na muuguzi hataifungua. Mmoja wa kundi amuandikie, kwa maneno yake mwenyewe, siku ileile.