Farasi wa Chini ya Boneti

Mwaka 1999, wenye magari mapya ya Ford Mustang Cobra huko Marekani walianza kunong'ona. Kampuni ilikuwa imewauzia nguvu za farasi 320, na gari lilinguruma kweli, lakini likikanyagwa mafuta halikuruka kama walivyotarajia. Baadhi yao wakalipeleka kwa fundi mwenye daino, ile mashine yenye mapipa ya chuma sakafuni. Gari hupandishwa juu yake, hufungwa mikanda lisichomoke, kisha hukanyagwa mpaka mwisho huku matairi yakiyazungusha mapipa. Karatasi ilitoka na farasi pungufu. Hata walipohesabiwa wale wanaopotelea njiani, kwenye gia boksi, propela na difu, hesabu ilikataa.

Agosti mwaka huohuo Ford ilisimamisha mauzo na kuyaita magari yarudi. Manifoldi ya kuingizia hewa ikabadilishwa, ekzosi ikabadilishwa, programu ya kompyuta ya injini ikabadilishwa. Mwaka 2000 Cobra ya kawaida haikutoka kabisa.

Si ajabu kwamba farasi wanaweza kupungua hivyo. Kipimo chenyewe kilizaliwa katika mapatano ya bei.

James Watt, fundi wa Scotland aliyeboresha injini ya mvuke, alikuwa na namna nzuri ya kuwatoza wenye migodi. Mteja aliyekuwa akitumia injini ya zamani ya Newcomen alilipa theluthi moja ya thamani ya makaa aliyookoa kwa kutumia injini mpya. Lakini mwenye kinu au kiwanda cha bia hakuwa na injini ya zamani wala makaa ya kulinganisha. Alikuwa na farasi. Basi ikabidi alipe kwa hesabu ya farasi. Wazo hilo lilikwisha kudokezwa na Thomas Savery katika kitabu chake cha mwaka 1702. Watt ndiye aliyelipatia namba. Mwaka 1782 alipiga hesabu ya farasi wa kinu anayezunguka duara lenye kipenyo cha futi 24 huku akivuta kwa nguvu ya pauni 180. Mwaka uliofuata akaweka kiwango: farasi mmoja ni kuinua pauni 33,000 kwa futi moja katika dakika moja, yaani karibu tani 15 kwa sentimita 30. Farasi wa nyama na mifupa hawezi kudumu na kazi hiyo kutwa nzima, na hapo ndipo ulipo ujanja wa muuzaji mwerevu. Aliyenunua injini ya farasi 10 hakuwa na sababu ya kurudi akilalamika kwamba amepunjwa.

Muuzaji alikuwa na namba. Mnunuzi alihitaji mizani. Mwaka 1821 mhandisi Mfaransa Gaspard de Prony aliibana shafti ya injini kwa vipande vya mbao, akaviunganisha na mkono mrefu, na mwisho wa mkono akaweka uzito. Shafti inataka kuuzungusha mkono, uzito unauzuia. Uzito huo ukizidishwa kwa urefu wa mkono hutoa torki, yaani nguvu ya kuzungusha. Ni breki tu, basi, na ndiyo maana mpaka leo Waingereza huziita nguvu zilizopimwa hivyo nguvu za breki. Kasoro yake ni moto wa msuguano: mbao huungua. Mwaka 1877 William Froude alibuni breki ya maji kwa ajili ya injini kubwa za meli za kivita za Uingereza, na maji yakabeba joto ambalo mbao haziliwezi.

Torki peke yake haitoshi. Dereva wa lori anayepandisha mzigo mlima Kitonga anaitaka torki mapema, injini ikiwa bado inazunguka polepole. Kijana wa mbio anataka injini iendelee kusukuma hata mizunguko ikifika 7,000 kwa dakika. Nguvu za farasi huziunganisha hizo mbili. Kwa vipimo vya Kiingereza, torki huzidishwa kwa mizunguko kisha hugawanywa kwa 5,252. Hivyo karatasi ya daino iliyochorwa kwa vipimo hivyo, kwa skeli moja, lazima mistari yake miwili ikutane kwenye mizunguko 5,252. Ikikutana pengine, mtilie shaka aliyeichapa.

Hata mizani ikiwa sahihi, kuna suala la kinachowekwa juu yake. Kwa miaka mingi viwanda vya Marekani vilipima injini ikiwa uchi: bila feni, bila altaneta, bila ekzosi ya gari lenyewe. Injini ya Chrysler Hemi 426 ilitangazwa kuwa na farasi 425. Mwaka 1971, ilipopimwa na mizigo yake yote, ikahesabiwa 350. Mwaka 1972 kipimo cha injini iliyovaa ndicho kilichoshika, na wanunuzi wengi walidhani injini zimedhoofika ghafla.

Wajapani walidanganya upande wa pili. Kuanzia mwaka 1989, kwa hofu ya ajali na lawama za serikali, viwanda vyao vilikubaliana kwamba gari la kuuzwa nchini mwao lisitangazwe kuzidi farasi 280. Mapatano hayo yalidumu mpaka mwaka 2004. Nissan Skyline GT-R iliandikwa 280, lakini walioipandisha kwenye daino walikuta zaidi. Toyota Supra iliyouzwa Japani iliandikwa 280. Ndugu yake wa Marekani, kwa tofauti ndogo za injini, aliandikwa 320.

Hao 280 wapo Nairobi na Dar es Salaam. Wamekuja na Subaru Impreza WRX STI na Toyota Chaser zilizonunuliwa mtumba kutoka Japani, na vijana wa gereji huzitaja hosipawa hizo kwa fahari. Farasi wa Japani, hata hivyo, ni mdogo kidogo: ana wati 735.5, na wa Watt ana wati 745.7. Kwa hiyo 280 wa Japani ni 276 tu wa Uingereza.

Halafu kuna hewa. Nairobi iko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban moja ya sita ya nguvu zake. Programu ya daino inaweza kuwarudisha farasi hao kwa hesabu, ikachapa namba ambayo gari lingetoa katika hewa ya kiwango. Hakuna wizi hapo, ila ni vyema mwenye gari ajue. Kabla ya kulipa, muulize fundi: namba hii ni ya kwenye tairi au ya kwenye krenki? Imesahihishwa kwa hewa au ni ghafi? Maana gari hilohilo lisilo na turbo likishushwa Mombasa, namba ghafi itapanda bila mtu kushika spana.