Fimbo Inayoitwa "Kama Utakavyo"

Kuna duka moja sokoni Kamembe lenye kalenda ya Kichina ukutani. Kila nikienda kununua chumvi, macho yangu yanaishia kwenye picha moja: fimbo fupi nyekundu, imepinda kidogo, kichwa chake kama wingu ao uyoga, na imechongwa matunda. Nikauliza, nikasoma. Leo nawasimulia.

Wachina wanaiita ruyi, maana yake "kama utakavyo". Wengi husema mwanzoni ilikuwa kijiti cha kujikunia mgongo, pale mkono usipofika. Usicheke! Kijiti hicho kilipanda cheo mpaka kikaingia ikulu. Wakati wa wafalme wa Qing, waliotawala China toka 1644 hadi 1912, ruyi ilikuwa zawadi ya sikukuu, ya arusi na ya siku ya kuzaliwa. Kaizari Qianlong alipofikisha miaka 60, maofisa wake walimpa ruyi 60 za nyuzi za dhahabu.

Ule wekundu si rangi ya kupaka mara moja. Ni utomvu wa mti uliotiwa rangi, na ukiwa mbichi unawasha ngozi vibaya. Fundi anapaka safu nyembamba, anangoja ikauke, anapaka tena, mara makumi, hata zaidi ya mia, ndipo achonge. Na haukauki vizuri juani. Unataka hewa yenye unyevu. Ni kazi ya mtu mwenye subira.

Matunda nayo yanasema. Pichi ni umri mrefu. Komamanga ni watoto wengi, kwa sababu ya mbegu zake. La tatu ni limau lenye vidole, "mkono wa Buddha". Jina lake kwa Kichina linakaribiana kwa sauti na maneno ya baraka na maisha marefu.

Mwaka 1793 Qianlong alimpokea Macartney, mjumbe wa mfalme wa Uingereza, akampa ruyi ya jiwe. Macartney akaandika katika daftari lake kwamba haionekani kuwa na thamani kubwa. Kaizari alitoa heshima. Mgeni aliona jiwe.

Mimi namuelewa Kaizari. Siku tuliyovuka Ruzizi nilibeba mtoto, shitingi, na fimbo ya papa. Ni mti tu, haina tunda wala rangi. Lakini papa aliishika siku ya kusemea mahari ya kila dada yangu, na hapa Rwanda pia utawaona wazee kwenye arusi wameshika zao. Kijana aliyeandika vitu vyetu aliuliza, "Na hii?" Nikamwambia ni fimbo ya papa. Akaandika: kijiti.

Hakudanganya, ni kijiti. Macartney naye hakudanganya. Ila, ndugu zetu wa mashirika, mkituandikisha ongezeni swali moja: ilishikwa na nani, siku gani? Jibu halihitaji nafasi kubwa kwenye karatasi.