Kuhesabiwa kwa Jina Lipi? Asili na Kabila katika Sensa za Tanganyika na Tanzania, kwa Kurejelea Bariadi na Mkoa wa Simiyu

1.0 Utangulizi

Sensa huonekana kuwa kazi ya kuhesabu tu. Hata hivyo, kabla karani hajaandika idadi, hana budi kujua anahesabu nani, na jibu la swali hilo huwa limekwisha kuamuliwa na waliotunga dodoso. Makala hii inachunguza namna wakazi wa eneo ambalo leo ni Mkoa wa Simiyu walivyoainishwa katika sensa tangu enzi ya ukoloni wa Waingereza. Hoja ya msingi ni kwamba mtu ana ngazi nyingi za utambulisho, lakini dodoso huchagua ngazi moja, na chaguo hilo huendelea kuwa na nguvu hata baada ya swali lenyewe kufutwa.

2.0 Majina ya Pande za Dunia

Neno "sukuma" lina maana ya upande wa kaskazini. "Dakama" ni kusini, "kiiya" ni mashariki na "ng'weli" ni magharibi. Kwa asili, basi, jina hili lilitegemea mahali aliposimama msemaji: Wanyamwezi waliwaita jirani zao wa kaskazini Wasukuma, ilhali hao jirani nao walikuwa na watu wao wa kaskazini. Mkazi wa Bariadi alijitambulisha kwa ukoo wake na kwa utemi wake wa Ntuzu, akaitwa Mnyantuzu. Na kwa lahaja yake alihesabika miongoni mwa watu wa mashariki.

Utawala wa Gavana Donald Cameron (1925–1931) ulihitaji kitu kilicho imara zaidi ya hapo. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926 ilijengwa juu ya dhana kwamba kila Mwafrika ana kabila lake, eneo lake na kiongozi wake. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, watemi wa Usukuma waliunganishwa katika shirikisho lililokuwa na makao yake Malya. Jina la upande wa dunia likawa jina la watu.

3.0 Sensa Mbili katika Nchi Moja

Katika sensa za mwaka 1921 na 1931, idadi ya Waafrika ilitokana kwa kiasi kikubwa na hesabu zilizokusanywa kupitia machifu na kumbukumbu za kodi. Mwaka 1948 watu walihesabiwa kwa utaratibu wa kisasa zaidi, lakini kwa awamu mbili: wasio Waafrika mwezi Februari, Waafrika mwezi Agosti. Mpango huo ulirudiwa mwaka 1957.

Mgawanyo huo haukuwa wa tarehe pekee. Wasio Waafrika waliainishwa kwa asili, yaani Wazungu, Wahindi, Wagoa, Waarabu na wengineo. Mgoa alitengwa na Mhindi ingawa wote wawili walitoka bara moja, kwa kuwa Goa ilikuwa koloni la Ureno. Waafrika, kwa upande wao, waliainishwa kwa kabila. Mwaka 1957 Wasukuma walizidi milioni moja, wakawa kundi kubwa kuliko yote nchini. Katika orodha hiyo ya makabila, Mnyantuzu wa Bariadi, ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya Wilaya ya Maswa, alikuwa Msukuma tu.

4.0 Wahesabiwao Nao Huchagua

Ni kosa kudhani kwamba wananchi walipokea majina haya bila kuyapima. Huko Zanzibar, kati ya sensa za mwaka 1924, 1931 na 1948, idadi ya waliojiita Waswahili iliporomoka, huku wengi wakijitambulisha kuwa Washirazi. Wakati wa vita mgao wa chakula ulifuata makundi ya asili, hivyo jina la mtu liliweza kuamua kama angepata mchele. Marekani nayo ilipitia mabadiliko kama hayo. Mwaka 1930 sensa yake iliwaweka Wameksiko katika kundi la rangi la peke yao. Mwaka 1940 kundi hilo likaondolewa. Na mwaka 1980 kila mkazi akaulizwa kama ana asili ya Kihispania, swali lililotengwa na lile la rangi. Ni watu wale wale waliosogezwa kutoka safu moja ya jedwali hadi nyingine.

5.0 Swali Lililoondolewa

Sensa ya Agosti 1967, ya kwanza baada ya Uhuru, bado iliuliza kabila. Sensa za mwaka 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022 hazikuuliza. Uamuzi huo uliendana na siasa ya kujenga taifa moja. Tayari mwaka 1963 mamlaka ya machifu yalikuwa yamefutwa. Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, haujawahi kuhesabiwa kwa kabila. Tunajua kuwa ulikuwa na watu 1,584,157 mwaka 2012 na 2,140,497 mwaka 2022. Zaidi ya hapo, kila idadi ya Wasukuma inayotajwa leo ni makadirio.

Ukimya huu una faida. Nchini Kenya, ambako kabila huulizwa, idadi hugeuka kuwa hoja ya kisiasa, na jamii hutafuta kuorodheshwa: mwaka 2017 raia wenye asili ya Asia walitangazwa kuwa kabila la 44. Lakini una gharama pia, na gharama hiyo haiwaangukii Wasukuma, ambao ukubwa wao haubishaniwi. Inawaangukia Wahadzabe na Wataturu wa Meatu. Katika jedwali la mkoa lenye watu zaidi ya milioni mbili, mahitaji yao ya ardhi, shule na tiba humezwa na wastani.

6.0 Hitimisho

Historia hii inaonesha kwamba sensa ya kikoloni haikuyakuta makabila yakiwa tayari, ikayahesabu, ilisaidia kuyakaza. Kwa hiyo, mtafiti anayetumia majedwali ya mwaka 1957 au 1967 kama ushahidi wa makabila ya kale anasoma maamuzi ya watawala akidhani anasoma mila. Kulirejesha swali la kabila katika dodoso la taifa si tiba. Kinachohitajika ni uchunguzi wa ngazi ya wilaya na kijiji, utakaoziwezesha jamii ndogo kujitaja kwa majina yao zenyewe. Maana Wataturu ni hao hao ambao jirani huwaita Wamang'ati, jina ambalo wao hawakulichagua.